Uzi: Kufunga rejeta ya aluminiamu kwenye Subaru Impreza WRX, wenye gari za sport Mtwara na Lindi tukutane hapa

Mwanzisha uzi:

Wakuu habari za muda huu. Uzi huu ni wa sisi tuliopo kusini tunaoendesha gari za sport, hasa Impreza WRX, ila hata mwenye Altezza au Verossa atatoka na chake. Siku hizi kila gari ikichemsha jibu ni moja tu, agiza rejeta nene ya aluminiamu, jamaa anajibana anaagiza, fundi anatoa ya zamani anafunga mpya, wiki haijaisha mshale umepanda tena na hela ndo ishaenda. Rejeta kubwa ni kitu kizuri sana kwa joto letu la pwani, naikubali na ninayo, lakini sio dawa ya gari inayochemsha, ni nyongeza ya gari ambayo mfumo wake wa maji uko salama. Kwahiyo kabla hujatoa hela yako ijue kwanza gari yako inachemsha kwanini.

Gari yangu ni WRX ya chesisi GDA, gia za manyuo, injini EJ205 ya turbo, lita 2, Wajapani waliitoa na farasi 250. Rejeta yake ya kiwandani katikati ni aluminiamu ila matenki yake ya juu na chini ni plastiki yaliyobanwa kwa meno ya bati na mpira katikati. Hiyo plastiki ikipigwa joto miaka na miaka inabadilika rangi, kutoka nyeusi inakuwa ya kahawia, ukiona hivyo jua imeshakuwa kavu kama kaki, siku yoyote itapasuka. Yangu ilianza kulia jasho pale kwenye maungio ya tenki la juu, ukiifuta asubuhi unakuta alama ya kulanti (yale maji ya dawa ya kupozea injini) iliyokauka, na nikipanda ule mlima wa Newala nikitokea Masasi harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Hapo sababu ilikuwa wazi, rejeta imechoka, nikaona badala ya kurudishia ya plastiki niweke ya aluminiamu tupu ya kuchomelewa.

Sasa vipimo. Angalia gari inachemsha WAPI. Kama inachemsha ukiwa umesimama, labda foleni ya malori ya korosho msimu umechanganya au umeiacha inaunguruma sokoni na AC iko juu, halafu ukiondoka ukishika spidi mshale unashuka, huo ni ugonjwa wa upepo: feni, relei, fyuzi, sensa, au katikati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba inayokaa mbele ya rejeta) na rejeta kumejaa uchafu. Kama inachemsha ukiwa kwenye spidi au mlimani, ila ukisimama inatulia, hapo ndo uwaze rejeta imeziba ndani, pampu ya maji, themostati (kile kilango kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto) haifunguki yote, au kava la chini ya bamba halipo. Hilo kava watu wanalidharau sana. Likitoka halirudishwi, kumbe ndo linalolazimisha upepo upite ndani ya rejeta badala ya kuzunguka chini, bila hilo hata rejeta ya bei gani haikusaidii.

Na kama mipira inakuwa migumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha gari ya baridi, au kwenye chupa ya akiba unaona mapovu yanatoka mfululizo kila ukivuta mafuta, acha kabisa habari za rejeta, hiyo ni hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, gesi ya kwenye silinda inaingia kwenye maji. Kuna kipimo cha maji ya bluu, kinakaa kwenye mdomo wa rejeta kinavuta hewa, rangi ikigeuka njano jibu umepata. Fundi aliye makini atakuwa nacho, tafuta huyo.

Mdau wa Masasi:

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ya kwangu fundi alitoa themostati akaitupa, anasema huku joto haina kazi hiyo ni ya nchi za baridi. Toka hapo haichemshi lakini inakunywa mafuta balaa. Nikifunga rejeta kubwa si ndo itakuwa nzuri zaidi?

Mwanzisha uzi:

Hapana kaka, itazidi kuwa mbaya. Themostati ya hizi EJ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 76 mpaka 80 na kwenye 91 imefunguka yote, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, barabara ile ya Masasi mpaka Mnazi Mmoja iliyonyooka upepo unapiga tu, injini inabaki ya baridi, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaona sensa inasema bado sijapata moto inaendelea kumwaga petroli ya ziada, ndo hayo mafuta unayolalamikia. Petroli nyingine inashuka mpaka kwenye oili inaizimua, mwisho wa siku pampu ya oili na beringi ndo zinaumia, na hizi injini za boksa (silinda zimelala kushoto na kulia) beringi zake hazitaki oili nyepesi. Sasa ukiongeza rejeta kubwa juu ya hapo, unaipoza injini ambayo tayari ni ya baridi.

Rudisha themostati, ya kampuni sio ya mtaani. Kwenye EJ inakaa chini kabisa ya injini, pale mpira wa chini unapoingia kwenye pampu ya maji, kwahiyo siku unamwaga maji kubadili rejeta ndo siku ya kuibadili, huongezi kazi. Ile pini ndogo inayocheza ikae juu, pale ndo hewa inapopitia. Kabla hujaifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, weka kipimajoto, chemsha uione inafunguka, ambayo haifunguki usiifunge.

Mdau wa Lindi mjini:

Mi feni zangu zimeungwa dairekti, ukiwasha switchi na zenyewe zinawaka. Kuna shida?

Mwanzisha uzi:

Shida ipo. Feni za WRX ni mbili, zinaongozwa na kontroli boksi, zinaingia joto likifika karibu nyuzi 95 au ukiwasha AC. Fundi akiziunga dairekti maana yake kuna kitu kilikufa, relei au sensa au waya, na yeye hakukitafuta. Feni zinazunguka masaa yote, brashi za mota zinaisha, halafu siku moja inakufa ukiwa kati ya Kilwa na Nangurukuru na hujui maana hukuwa na dalili yoyote. Afu mara nyingi huo waya wanaoungia ni mwembamba na hauna fyuzi, hiyo sio salama hata kidogo. Mwambie arudishe mfumo wake, washa AC gari ikiwa imesimama, feni zote zikiwaka ujue waya ziko vizuri, kisha zima AC uiache ingurume uone zenyewe zinaingia na kutoka.

Mwanzisha uzi (naendelea na kazi yenyewe):

Haya tuje kwenye rejeta. Kwanza kuagiza. Tuma chesisi namba kamili, na sema wazi ni ya turbo au isiyo na turbo, manyuo au otomatiki. Rejeta ya turbo haifanani na ya kawaida kwenye mambo ya mfuniko, nitaeleza. Majina yanayojulikana ni kama Koyo ya Japan na Mishimoto ya Marekani, ila kopi zake nazo zimejaa, hivyo ikifika ikague kwa macho yako. Angalia michomo kwenye kona za matenki, iwe imetembea sawa bila vishimo. Angalia mapezi yasiwe yamelala. Ingiza kidole kwenye midomo ya mipira, pale mwisho pawe na ukingo ulioinuka kidogo, bila huo ukingo mpira utachomoka siku presha ikipanda.

Ipime kabla ya kufunga. Ziba matundu, izamishe kwenye pipa la maji, ingiza upepo kidogo tu, presha ya bar moja na kidogo inatosha, usichomeke mpira wa kompresa ya gereji ya matairi ukaachia upepo wote maana utaitanua na kuiua kabla haijafanya kazi. Ikitoa povu sehemu yoyote irudishe.

Unene ndo watu wanapokosea. Rejeta nyingi za namna hii zina unene wa milimita 36 mpaka 50 hivi wakati ya kiwandani ni nyembamba sana, na kwenye Subaru injini iko mbele kabisa, nafasi kati ya feni na mikanda ya altaneta ni ndogo. Pima na rula kabla, toka nyuma ya rejeta yako mpaka puli, toa unene wa feni, kinachobaki ndo nafasi yako. Ukichukua nene kupita kiasi utalazimika kutafuta feni nyembamba, na feni nyembamba nyingi hazivuti kama za kiwandani, sasa umepata nini hapo. Mimi nilichukua ya wastani ili feni zangu za kiwandani na makava yake virudi vile vile.

Siku ya kazi gari iwe imelala, ya baridi kabisa. Toa neti ya betri (waya wa hasi), toa kava la chini, weka beseni, legeza kizibo cha chini cha rejeta taratibu kwa mkono maana ni cha plastiki, fungua na mifuniko ya juu maji yatoke vizuri. Chomoa soketi mbili za feni, mpira wa juu, mpira wa chini, ule mdogo wa kwenda chupa ya akiba, bolti za vishikizo viwili vya juu, kisha rejeta na feni zake vinanyanyuka pamoja. Zile raba mbili za chini inapokalia mara nyingi zinabaki zimeganda kwenye rejeta ya zamani, zitafute usizitupe nayo.

Rejeta yangu ilipotoka nikaona kitu ambacho kila mtu wa huku anatakiwa akione. Mgongo wa kondensa ya AC, upande ule unaotazamana na rejeta ambao huwezi kuuona gari ikiwa imefungwa, ulikuwa umefunikwa na blanketi la vumbi jekundu, manyoya ya mbegu, mabawa ya wadudu na vipande vya majani makavu, vimeshikana na mafuta vimekuwa tabaka moja unaweza kulibandua kwa kucha. Nusu ya chini ilikuwa haipitishi mwanga kabisa. Ukifunga rejeta mpya nyuma ya uchafu ule ni kazi bure. Safisha kwa maji ya presha ndogo na brashi laini, ukitokea upande wa injini kwenda mbele, mpaka ukiweka tochi upande mmoja uione upande wa pili.

Kuhamisha feni kwenye rejeta mpya kuwa makini na urefu wa bolti. Rejeta za aluminiamu zina vitundu vyake vya bolti karibu sana na mirija ya maji, bolti ikiwa ndefu kwa milimita chache tu inatokeza inatoboa mrija, na wewe unadhani unakaza. Ingiza bolti kwa mkono kwanza bila feni, hesabu zamu zake, ikigota mapema weka washa, kile kipete cha bati. Kisha rudisha zile sponji za pembeni na juu zinazoziba upenyo kati ya rejeta na fremu, zikiwa zimeoza tafuta sponji nyingine ngumu ubandike, upepo ukipata njia rahisi pembeni hautapita kwenye mapezi. Klampu za kiwandani za springi ni nzuri, zinabana zenyewe mpira ukipanuka na ukisinyaa, kama ziko vizuri zirudishe.

Fundi mmoja wa Mtwara mjini:

Nimesoma yote kijana. Mimi ni fundi miaka mingi na nakupinga kidogo. Kwa mtu anayeendea kazini na kurudi rejeta ya kiwandani mpya inatosha kabisa, hao Wajapani walipiga hesabu. Mnawafanya vijana waone bila aluminiamu gari itakufa.

Mwanzisha uzi:

Shikamoo fundi. Nakubaliana na wewe kwa mtu wa mjini, kutoka Shangani kwenda Ligula huhitaji zaidi ya ile ya kiwandani ikiwa nzima. Mimi nazungumzia mtu anayekanyaga, anayepanda Newala na watu wanne na mizigo, au aliyeongeza presha ya turbo. Huyo joto lake ni jingi zaidi na ile nyembamba inachelewa kulitoa. Na faida nyingine kwangu kubwa kuliko hata kupoza ni kwamba hakuna plastiki ya kupasuka njiani.

Fundi mmoja wa Mtwara mjini:

Marahaba. Hapo kwenye plastiki sina ubishi. Waeleze na mifuniko maana magari mengi yanakuja kwangu imechanganywa.

Mwanzisha uzi:

Asante fundi. Wenye turbo sikilizeni. WRX ina mifuniko miwili, mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye lile tenki dogo la juu karibu na turbo. HAIFANANI japo inaingiliana. Ule wa kwenye tenki ndo unaofanya kazi ya kupumua, presha ikizidi unaachia maji yaende chupa ya akiba na injini ikipoa unayavuta yarudi, presha yake ni kama bar 1.1. Wa kwenye rejeta umewekwa wa presha kubwa zaidi ili usiachie kabla ya mwenzake. Ukiichanganya maji yatatoka pasipostahili na hayatarudi. Hiyo presha ndo inafanya maji yasichemke, maji matupu hapa usawa wa bahari yanachemka kwenye 100 lakini chini ya bar 1.1 yanakwenda mpaka karibu 121, kwahiyo mfuniko uliochoka raba peke yake unaweza kukuchemshia gari. Gari isiyo na turbo ina mfuniko mmoja tu kwenye rejeta.

Kujaza nako kuna utaratibu, EJ inapenda kushika hewa. Iweke gari pua juu kidogo kwenye mwinuko. Kabla hujafunga mpira wa juu mimina kulanti kwa huo mpira iingie moja kwa moja kwenye injini mpaka ijae, ndo uufunge. Fungua kile kizibo kidogo cha kutolea hewa juu ya rejeta pembeni, mimina kwenye tenki la juu taratibu mpaka kitoe maji bila povu, kifunge. Funga na mfuniko wa rejeta. Washa gari, hita weka joto la mwisho, binyabinya mpira wa juu, ongeza kila ikishuka mpaka feni ziwake na hita itoe moto kweli, ikitoa baridi hewa bado imo. Kisha funga, zunguka nayo mjini, iache ilale, asubuhi angalia tena. Mfumo mzima unabeba lita kama 7 na kitu, ukiona imeingia 5 tu ikajaa usijidanganye. Lile tenki liko juu kuliko turbo kwa makusudi, ukizima gari maji yanaendelea kutembea yenyewe kuipoza turbo, hewa ikikaa pale inayoumia ni turbo.

Mdau wa Mikindani:

Kulanti bei juu mkuu, maji ya kisima chetu masafi kabisa, hatuna barafu huku. Na gari inalala mita chache na bahari.

Mwanzisha uzi:

Mkuu kulanti sio ya barafu tu, ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu na kula aluminiamu. Maji ya visima vya pwani hii yana chumvi na chokaa, yanaonekana masafi ila yakipata moto chokaa inaganda kwenye mirija ile ile uliyoilipia. Kama huwezi kulanti iliyochanganywa tayari, nunua ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi, yale ya distilled. Na tafadhali wakuu zile habari za kutia manjano ya jikoni au yai kuziba tundu, kwenye rejeta hii hapana, inaziba tundu na inaziba mirija na mirija ya hita pia.

Kwa upande wa bahari, suuza mapezi kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, chumvi ya upepo wa kusi inakula kwa nje. Na ndani kuna mzimu wa umeme, neti ikiwa mbovu umeme unatafuta njia kupitia kwenye maji na unaila aluminiamu toka ndani. Chukua mita ya umeme, waya mweusi weka neti ya betri, mwekundu uzamishe kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma, gari inaunguruma, washa taa na feni na AC, ikizidi volti 0.1 tafuta neti iliyolegea, mara nyingi ni ile ya injini kwenda kwenye bodi.

Dada mwenye Forester, Mtwara:

Mimi yangu ni Forester ya turbo otomatiki, nimeshaletewa rejeta kwa basi kutoka Dar, nikiangalia chini haina vile vichomeo viwili vya mabomba ya gia. Muuzaji anasema ni ile ile nifunge tu mabomba nayaunganisha yenyewe kwa yenyewe.

Mwanzisha uzi:

Dada yangu usifunge. Hiyo ni ya manyuo. Kwenye otomatiki oili ya giaboksi inapita ndani ya tenki la chini la rejeta kupozwa, ukiunganisha mabomba yenyewe kwa yenyewe hiyo oili haipozwi popote, na otomatiki inauliwa na joto kuliko kitu kingine chochote. Mrudishie akupe yenye vichomeo, kama iko hapo stendi bado haijakwaruzwa hana sababu ya kukataa. Akikataa kabisa, njia ya pili ni kununua kipozeo cha pembeni cha oili ya gia, kinakaa mbele ya kondensa, na mabomba yake yawe ya mpira wa oili wa presha sio wa petroli. Lakini mpaka hicho kiwe kimefika mkononi, rejeta ya zamani ibaki kwenye gari. Tuma picha ya upande wa chini na ile stika ya namba tuione.

Dada mwenye Forester, Mtwara:

Nashukuru sana kaka. Nampigia sasa hivi, kesho asubuhi basi linarudi Dar narudisha nalo.